Kobe Wetu Alipochemka Mikumi



Gari letu tunaliita Kobe. Watoto ndio walilipa jina hilo siku Baba Neema alipolileta nyumbani. Ni kipanya kuukuu kilichobeba abiria wa daladala miaka mingi kabla ya kufika mikononi mwetu. Viti vyote vya nyuma tuliving'oa. Seremala akatutengenezea kitanda cha mbao chenye godoro la futi nne kwa sita, na chini yake akaweka droo mbili za vyombo. Madirishani tulitundika vitenge vilivyochuja rangi. Karibu na mlango wa nyuma pana jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili, dumu la maji la lita 20, sufuria tatu na mkeka wa kulalia watoto. Kitu kinachotembea na nyumba yake mgongoni, walisema watoto, ni kobe.

Ukweli usemwe. Sisi wa jikoni hatukulifurahia. Fedha zilizolinunua zingetosha kumalizia bati za vyumba viwili ambavyo mpaka leo vinaangaliana na nyota. Lakini Baba Neema ni mwalimu wa jiografia. Kwa miaka 20 amewafundisha watoto wa wengine habari za milima ambayo watoto wake mwenyewe huitazama dirishani tu wakiwa wanapiga mswaki. Alisema kwamba safari hii akiiahirisha tena, Neema atakuwa ameolewa. Basi likizo fupi ya Septemba 2024 tukafunga safari: baba, mama, Neema, Yohana, na Bibi, mama yake Baba Neema, ambaye alikuwa na ombi lake. Alitaka kuuona ukoo wake kule Matombo, kisha awaone tembo wa Mikumi. Ameishi karibu miaka 80 katika mkoa wa Morogoro, alisema, na tembo amemwona kwenye kitabu cha Yohana tu.

Upande wa maji

Anayeishi Morogoro mjini huuona Uluguru kama ukuta uliosimama nyuma ya nyumba. Kilele cha Lupanga, chenye mita 2,138, kiko juu ya vichwa vyetu asubuhi na jioni, na mara nyingi kimejifunika wingu kama mama aliyejitanda kanga. Lakini huo ni uso mmoja tu wa mlima. Ukitoka mjini kwa Bigwa, ukapita Kiroka na Mkuyuni kuelekea Matombo, unaingia uso wa pili, na ni kama umeingia nchi nyingine.

Mwalimu wetu alieleza akiwa ameshika usukani. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi umebeba mvuke. Ukifika Uluguru hauna njia ila kupanda, na ukipanda hupoa, na ukipoa hutua mzigo wake. Kwa hiyo miteremko ya juu ya mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Upepo ukishavuka kilele umebaki mtupu. Ndiyo maana mji wetu hupata chini ya nusu ya mvua hiyo, na tambarare za magharibi zikifika Septemba zimekauka kabisa.

"Kwa hiyo sisi tunakunywa makombo?" aliuliza Yohana.

"Dar es Salaam nao wanakunywa hapa hapa," baba yake akamjibu. Ni kweli. Vijito tulivyokuwa tunavivuka vinakwenda Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaojaza mabomba ya sehemu kubwa ya jiji la Dar es Salaam.

Kando ya barabara palikuwa na migomba, minazi, mifenesi na mashamba ya viungo. Karafuu zilianikwa kwenye majamvi, na mdalasini ulifungwa mafungu kama kuni ndogo. Bibi alikaa kiti cha mbele akitutajia kila kilima. Matombo yenyewe, alisema, ni neno la Kiluguru lenye maana ya matiti, kwa sababu ya vilima vinavyofanana na kifua cha mama. Yohana alicheka mpaka akakemewa.

Na kwa Waluguru jina hilo lina uzito wake. Ukoo hufuatwa kwa mama. Ardhi ya ukoo hupita kwa upande wa wanawake, na mwanamume akioa mara nyingi hulima alikoolea. Bibi alitupeleka kwenye mteremko mmoja mkali, akasimama na fimbo yake, akasema, "Hapa ni kwa mama yangu na mama yake." Akatuonyesha mahali alipokuwa akimfuata mama yake shambani utotoni. Ilikuwa miaka ya amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi mlimani. Watu waliichoka kazi ile, na mwaka 1955 wakakataa, mpaka askari wakaletwa na damu ikamwagika. "Mama yangu hakutuambia anaogopa," alisema Bibi. "Tuliona tu amenyamaza siku nyingi."

Tuliyasikia maneno hayo tukaona ni habari za zamani.

Katika mpando mmoja baada ya Mkuyuni, Kobe alianza kutoa harufu ya maji moto. Baba Neema akasimama, akainua kiti cha dereva, maana injini ya kipanya iko chini ya kiti, akakuta hozipaipu ya rejeta imepasuka. Kijana mmoja aliyekuwa akishuka na mkungu wa ndizi akautua, akakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akauvuta na kuuzungusha pale penye ufa mara kumi, akafunga. Binti zake jirani wakatuletea maji ya kijito kwa ndoo. Hawakutaka hata senti. Tulilala usiku ule kwenye uwanja wa nyumba ya ndugu wa Bibi, mlango wa Kobe ukiwa wazi na baridi ya mlimani ikiingia, tukala ndizi za nazi, tukamshukuru Mungu. Kila aliyeamka usiku alisikia maji yakitiririka mahali fulani gizani.

Hapo ndipo tulipodanganyika. Penye maji kila baada ya kilometa moja, gari linalovuja halionekani kama lina ugonjwa.

Aliyosema fundi

Tulirudi mjini siku ya pili alasiri, na Baba Neema akampeleka Kobe kwa fundi. Alikaa huko saa mbili. Aliporudi tulikuwa tunafua, tukamwuliza fundi amesemaje.

"Amebadilisha hozipaipu. Tuwe tunaongeza maji tu njiani."

Tukasema haya, Mungu ni mwema, tukaendelea kufua.

Alichosema fundi, kama tulivyokuja kujua baadaye, ni kwamba rejeta yenyewe imeoza, iondolewe na kuwekwa nyingine kabla gari halijaenda safari ndefu ya joto. Bei yake ilikuwa kubwa kuliko fedha zote za safari. Baba Neema alifikiri: akisema, safari itavunjika, na sisi tutamkumbusha habari za bati. Akanyamaza.

Mama mwenzetu, usiharakishe kumlaumu. Jiulize kwanza kama nyumbani kwako kuna mtu anayeogopa kukuletea habari mbaya kwa sababu anajua jibu lako la kwanza.

Upande wa ukame

Siku ya tatu tuliondoka alfajiri kwa barabara ya Iringa. Tulipita bwawa la Mindu linalonywesha mji wetu, tukapita Sangasanga inapochepuka njia ya Mlali na Mgeta, kule kwenye matuta ya mboga na mbuzi wa maziwa ambao uzao wao uliletwa kutoka Norway katika miaka ya 1980. Baba Neema aliahidi kwamba tutakwenda Mgeta Desemba. Kisha Mzumbe, Melela, Doma. Kila tulipokwenda mbele nchi ilizidi kukauka. Nyasi zilikuwa za rangi ya mkate, miti imetupa majani yote, na ng'ombe walitembea ndani ya vumbi lao wenyewe. Ukigeuka nyuma, Uluguru ulikuwa bado unaonekana, bluu, na lile wingu lake juu. Maji yote yalikuwa yamebaki kule.

Doma tulisimama. Baba Neema akachukua dumu letu la lita 20, akamimina maji kwenye gari. Akamimina, akamimina. Tulipolipokea dumu lilikuwa jepesi sana mkononi.

"Baba Neema, yamebaki lita tano tu."

"Mbele tutapata."

Mbele kulikuwa na lango la hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia inaikata katikati kwa kilometa 50 hivi. Msafiri wa kawaida huvuka bila kulipa kiingilio, ila mwendo una kikomo, mabango yanamtajia faini atakazotozwa akimgonga mnyama, na haruhusiwi kushuka garini ovyo. Watoto walihamia dirishani. Kabla ya robo saa walikuwa wamehesabu swala 40 na pundamilia 11. Tuliona twiga watatu, na mbali kidogo mivumo mirefu, ile mitende ambayo wenyeji huiita mikumi na ambayo imeipa nchi hii jina.

Bibi alikuwa wa kwanza kuona. Hakuona mnyama. Aliona mshale wa joto kwenye dashibodi.

"Mwanangu, kisindano hiki mbona kimelala upande mwekundu?"

"Kibovu hicho, Mama. Siku zote kiko hivyo," alijibu Baba Neema, akakigonga kioo kwa kidole.

Dakika chache baadaye mvuke ulitoka chini ya kiti kama sufuria ya wali inayofurika, Kobe akatikisika mara mbili, akazimika. Ilikuwa saa tano asubuhi, katikati ya tambarare ya Mkata, hakuna mti wa kivuli karibu wala ruhusa ya kuufuata.

Lita tano

Kipanya kilichosimama juani ni tanuri. Injini iliyochemka ilikuwa chini yetu, jua juu yetu. Tulifungua vioo vyote, tukamwagia vitambaa maji kidogo, tukawafunga watoto shingoni. Malori ya Kongo na Zambia yalipita kwa kishindo, kila moja likitutikisa na kutuachia vumbi.

Baba Neema akashika kitambaa, akainama kufungua mfuniko wa rejeta.

"Usifungue!" Tulipiga kelele sote wawili, mkewe na mama yake. Tumeshawauguza wodini watu waliofungua rejeta ya moto. Maji yale yana mgandamizo. Hurukia uso na kifua, na ngozi huondoka nayo. Tena hapa mfuniko ulikuwa ndani ya gari, pamoja na watoto.

Akaacha. Akasema basi tungoje ipoe, kisha tuimiminie zile lita tano.

"Na watoto watakunywa nini?"

"Tukifika Mikumi watakunywa."

"Tusipofika?"

Hatukujivunia maneno yaliyofuata. Bati zilitajwa. Gharama zilitajwa. Fundi akatajwa, na hapo ukweli wa rejeta ukatoka mbele ya watoto. Yohana alianza kulia. Bibi alikaa kimya akitazama nje, kisha akasema taratibu, "Nyamazeni. Wamekuja."

Walikuwa tembo tisa. Walitoka upande wa kulia, mama mkubwa mbele, watoto wawili katikati ya miguu ya wakubwa, wakavuka barabara hatua mia moja hivi mbele yetu. Hakuna aliyehema. Mama yule alisimama juu ya lami, akageuza kichwa upande wetu, masikio yametanda. Bibi akamwamkia kwa Kiluguru, kwa sauti ya chini, kama mtu anavyomwamkia mkubwa wa ukoo. Tembo akatazama kidogo, akaendelea na safari yake. Bibi alifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Tulipogeuka kumwangalia Baba Neema ili tucheke naye, tulimkuta amekishika kisogo kwa mikono miwili.

Namba mbili

Jasho lake halikuwa la joto tu. Alisema kichwa kinamuuma tangu jana, kisogoni, na macho yanaona nyota. Katika droo ya chini ya kitanda tulikuwa na kipimo cha presha, kile kile tunachokitumia kanisani. Sisi tulio wauguzi tuna zamu yetu kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Tunaweka meza chini ya mwembe baada ya ibada, tunawapima wazee, wajane, kwaya nzima. Mamia wamepita mezani pale. Wa nyumbani kwetu hajapita hata mara moja. Yeye ndiye hubeba ile meza.

Kipimo kilisoma 192 kwa 118.

Tulimketisha ameegemea, miguu chini, mkono umelala kwenye mto. Tukangoja dakika tano bila kuzungumza, tukapima tena: 188 kwa 114. Mtu mzima ambaye vipimo vyake hufika 140 kwa 90 au zaidi kila apimwapo huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu la damu. Hizi zetu zilikuwa namba za kumkimbiza mtu hospitali.

Tukamwambia acheke. Akacheka, na midomo yake ikapanda sawa pande zote mbili. Tukamwambia anyooshe mikono yote na kufumba macho. Hakuna mkono ulioshuka. Tukamwambia ataje majina kamili ya watoto wake na siku walizozaliwa. Akataja taratibu bila kukosea. Neema alikuwa anatazama uso wa baba yake, naye akaelewa kwamba huu si mchezo. Hizi ndizo dalili za kiharusi tulizokuwa tunazitafuta: uso kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito. Hazikuwapo. Maumivu ya kifua hayakuwapo. Tulimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha tukauliza swali tuliloliogopa.

"Dawa zako?"

Tangu mwaka 2022 alikuwa ameandikiwa kidonge kimoja kila asubuhi. Kopo lake lilikuwa kabatini kwetu, karibu na sukari. Kila siku tulilisogeza tukitafuta majani ya chai.

"Ziliisha Mei," alisema.

Kopo lilikuwa tupu miezi minne. Hatukuwahi kulitikisa.

Bibi akafungua mkoba wake, akatoa pakiti ya dawa za presha. Yeye hajawahi kuruka siku. "Mpe zangu." Ilikuwa vigumu kumkatalia mama mbele ya mwanawe, lakini tulimkatalia kwa heshima. Dawa za presha si za aina moja, na kumshusha mtu ghafla kunaweza kumletea madhara hayo hayo tunayoyakimbia. Tulimpa Baba Neema maji. Zile lita tano zikawa za watu, na ugomvi wa maji ukaisha bila mshindi.

Lori lenye mzigo wa Kongo ndilo lililosimama. Dereva alichungulia, akaona watoto na mzee, akamwita utingo wake alete mnyororo. Aliwasha taa za tahadhari, akatazama nyasi pande zote, kisha akaruhusu kushuka. Walimfunga Kobe haraka. Baba Neema hakushika usukani. Alilazwa kitandani, na mama wa nyumba, ambaye leseni yake ilikuwa inakula vumbi, ndiye aliyekaa mbele. Kabla ya kupanda lori lake dereva alitupa chupa mbili za maji, akasema, "Tangu Doma nilikuwa nyuma yenu. Mlikuwa mnadondosha maji barabara nzima. Nikadhani mnajua."

Siku tatu Mikumi

Katika mji mdogo wa Mikumi tulimtangulia fundi, tukaenda hospitali. Daktari alimpima, akampima mkojo na moyo, akamrudishia dawa, akamlaza usiku mmoja. Namba zikashuka taratibu, kama inavyotakiwa. Siku mbili zilizofuata tuliishi ndani ya Kobe kando ya gereji, tukingoja rejeta iliyotumika iletwe na basi kutoka Morogoro. Tulipika maharage kwenye jiko letu, tukafua nguo za mgonjwa, watoto wakacheza bao na watoto wa fundi. Magari ya usiku yalipita mpaka alfajiri. Bibi alisimulia habari za tembo kwa kila aliyepita.

Usiku wa pili, wengine wakiwa wamelala, tulizungumza. Kwa ruhusa ya Baba Neema tunaandika aliyosema, maana tunajua kuna nyumba nyingine zenye jambo hili. Aliacha dawa kwanza kwa kuwa alijiona mzima. Pili, kwa kuwa fedha zilikuwa zinakwenda kwa Kobe. Tatu, na hili alilisema akitazama dari, kwa kuwa alihisi vidonge vinampunguzia nguvu za ndoa, na kule wanakokaa wanaume jioni walimwambia dawa hizo humaliza kabisa.

Miezi minne alibeba jambo hilo peke yake, akilala pembeni ya muuguzi.

Wenzetu, baadhi ya dawa za presha zinaweza kuleta tatizo hilo kwa baadhi ya wanaume, na presha yenyewe isipotibiwa nayo hulileta. Lakini dawa ziko za namna nyingi. Mgonjwa akimwambia daktari, daktari hubadilisha. Akinyamaza na kuacha, hakuna anayeweza kumsaidia. Asubuhi yake alimwambia daktari, na dawa ikabadilishwa. Yalikuwa mazungumzo ya dakika tano.

Bibi alipoambiwa habari za kopo tupu alisema neno moja la wahenga: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kisha akatugeukia sisi. "Na wewe, mwanangu, unapima dunia nzima." Hakuongeza. Haikuhitaji.

Tumelifikiria sana jambo hili. Gari lilikuwa na mshale, likatoa harufu, likadondosha maji toka Doma, na bado hatukusikia. Presha haina hata mshale. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kuwa wanayo. Wengi hawaumwi kichwa wala hawaoni nyota. Hukaa nayo miaka, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo ikichakaa. Hakuna njia ya kuijua ila kupima.

Kabla hamjaondoka

Kwa wanaopanga safari ya likizo na gari kuukuu, haya ndiyo tuliyojifunza:

Angalia maji ya rejeta na oili asubuhi, gari likiwa limepoa, na mama naye ajue yanapoangaliwa. Gari likihitaji maji mara ya pili siku hiyo hiyo, lina ugonjwa. Usivuke nalo nchi kavu.

Mshale wa joto ukipanda, simama mapema mahali salama, uzime injini, uache ipoe walau nusu saa kabla ya kugusa mfuniko.

Maji ya kunywa yawe na chombo chake, na yasiguswe kwa ajili ya gari.

Kama mtavuka hifadhi, ongezeni maji na mafuta kabla ya lango. Likiwaharibikia ndani, kaeni garini, washeni taa za tahadhari, ombeni gari lolote lipitalo liwaarifu askari wa hifadhi.

Dawa za kila mtu zihesabiwe kabla ya safari, zitoshe siku zote na tatu za ziada. Zihesabiwe kwa macho; usihesabu makopo.

Mmoja zaidi awe na leseni, na awe ameendesha mwaka huu.

Kobe sasa ana rejeta nyingine na hachemki. Bati bado hatujapaua, na kwa kuwa Baba Neema analipa kliniki yake kwanza, huenda zikangoja tena. Safari ya Mgeta ya Desemba tuliifanya Januari, kwa Noah ya kukodi, maana njia ile ina mipando mikali na hatukutaka kumjaribu Kobe. Bibi alikataa kuja. Alisema baridi ya Mgeta haina tembo.

Jumapili ya mwisho wa mwezi Baba Neema bado ndiye anayebeba meza kuipeleka chini ya mwembe. Akishaitua, yeye ndiye hukaa wa kwanza, akakunja mkono wa shati mbele ya kwaya nzima. Mwezi uliopita ilikuwa 134 kwa 84. Nyuma yake walipanga mstari wanaume watano ambao hatujawahi kuwaona mezani pale.

Jioni hii, mama mwenzetu, kabla hujawauliza watoto wamekula nini shuleni, litikise kopo la baba yao.